Nembo za Wazee Wetu wa Mbweni

Siku moja tulikuwa darasani tukiwaonyesha watoto picha za watu walioishi zamani za masultani. Watoto walizitazama kwa utulivu, hata ikafika zamu ya picha ya mama mmoja mtu mzima, mwenye chale usoni kuanzia kipaji hata kidevuni. Hapo kicheko kikaanza nyuma ya darasa, kikaenea mbele. Mmoja akauliza, "Mwalimu, huyu aliungua?" Mwingine akamjibu kabla yetu, "Hakuungua, ndivyo walivyokuwa washenzi." Tuliwanyamazisha, kama ilivyo wajibu wa mwalimu, lakini tulipokwisha kuwanyamazisha tulijiona tumefanya nusu ya kazi tu, kwa maana kumnyamazisha mtoto si kumfundisha. Yule aliyeuliza kama mama yule aliungua alistahili kujibiwa, nasi siku ile hatukuwa na jibu. Na katika darasa lile walikuwamo watoto ambao nyanya za babu zao, kama wangalipigwa picha, wangalionekana vivyo hivyo.

Ndiyo sababu tumeona vema kuandika machache juu ya habari hii, hasa kwa wenzetu walimu, na kwa wote wenye asili ya Mbweni na vijiji vingine vilivyoanzishwa kwa ajili ya watu waliotolewa utumwani.

Kwanza tuyapange maneno. Chale ni mkato mdogo wa ngozi, na pia kovu lake. Tojo ni neno jirani, na kutoja ni kuikata ngozi hivyo. Lakini nembo ni neno zito zaidi, maana ni chale zilizopangwa kwa mfano maalumu, hata mtu akiziona ajue mwenye nazo ni wa watu gani. Leo twalitumia neno hili kwa alama ya serikali, ya shule, au ya chama, lakini zamani lilikuwa neno la ngozi ya mwanadamu. Wamakonde nao huziita chale zao dinembo, nalo ni neno lilo hilo.

Si kila chale ni nembo. Ziko chale za dawa, ambazo mganga huchanja na kupaka unga wake ili kumkinga mtu na maradhi au na hasidi; ndiyo maana hata leo mtu akihisi hatari kabla haijamfikia husema kwamba machale yamemcheza. Ziko chale za urembo, ambazo msichana huzitaka kama atakavyo ushanga. Tena ziko chale za udugu. Watu wawili wasio wa tumbo moja walichanjana, kila mmoja akaonja damu ya mwenziwe, wakawa ndugu wa kuchanjiana. Na udugu huo ulikuwa na haki zake na miiko yake kama ule wa kuzaliwa. Msomaji na aliweke moyoni jambo hili, kwa kuwa litatufaa mbele: watu wa bara walipotaka kuufanya udugu uwe imara usikanwe, waliutia katika ngozi. Wengi wao hawakuwa na maandishi, hivyo ngozi ndiyo iliyokuwa hati yao.

Sasa tuje Mbweni. Wamisionari wa Universities' Mission walifika Unguja mwaka 1864, pamoja na Askofu Tozer na Padre Steere, baada ya kazi yao ya kwanza katika nchi ya mto Shire kushindikana kwa maradhi na vita. Mwaka huo huo Sultani Majid akawapa wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Wavulana hao ndio waliokuwa mwanzo wa shule, na mmoja wao, John Swedi, baadaye akawa shemasi. Mwaka 1871 misheni ilinunua shamba la Mbweni, maili kama nne kusini ya mji, karibu na bahari. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa, na siku ya Krismasi ya mwaka huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa kuu mahali pale pale palipokuwa soko. Lakini majahazi hayakuacha mara moja kubeba watu kwa siri. Manowari za Waingereza ziliendelea kuyakamata, na watu waliotolewa humo wakahitaji mahali pa kukaa. Wengi wao wakaletwa Mbweni. Wakapewa viwanja vya kujenga na kulima. Wasichana wakawekwa katika shule ya Mtakatifu Mariamu, ambayo Bibi Caroline Thackeray alifika kuisimamia mwaka 1877, akaiongoza miaka mingi. Na mwaka 1882 kanisa la Mtakatifu Yohana likawekwa wakfu. Magofu ya shule ile yangaliko, na kanisa lingali linasaliwa.

Watu hao walitoka wapi? Wengi walikuwa Wayao, Wamakua, Wamakonde, na wale walioitwa kwa jina moja Wanyasa, yaani watu wa kandokando ya ziwa. Tena walikuwapo Wazaramo, Wazigua, Wanyamwezi na wengine. Mtu alishuka jahazini hana nguo ya kwao, hana chombo cha kwao, wala hana mwenziwe wa kumshuhudia. Wengine walikuwa watoto wadogo waliopita katika mikono ya mabwana watatu au wanne kabla ya kufika pwani. Mwaka 1887 Bwana Madan alichapisha kitabu cha habari zilizoandikwa na wavulana wa shule ya Kiungani wenyewe, wakieleza walivyotekwa na walivyouzwa. Kila azisomaye habari zile aona jinsi mtoto alivyovuliwa kitu kimoja baada ya kingine, hata akabaki na mwili wake tu.

Hata hivyo, wengi walikuja na maandiko katika mwili huo. Wamakua walijulikana kwa alama ya mwezi mwandamo katika kipaji cha uso, pembe zake zikielekea chini. Wazaramo, kama alivyoona Burton alipopita kwao mwaka 1857, walikuwa na mistari mitatu mirefu katika kila shavu, ikishuka kutoka ncha ya sikio hata pembe ya mdomo. Naye akaifananisha na alama walizokuwa nazo wazaliwa wa Maka. Wanyamwezi walikuwa na safu za chale ndogo ndogo zikishuka kutoka ukingo wa nyusi kupita mashavuni, na wengi wao walichonga meno ya mbele. Wamakonde ndio waliozidi wote kwa wingi wa michoro. Mistari ya kukunjana, miraba iliyosimama kwa pembe, na mifano ya mti na ya mnyama ilienea usoni, kifuani, tumboni na mgongoni.

Kazi yenyewe haikuwa ya mchezo. Kwa Wamakonde fundi alikuwa mtu maalumu mwenye kisu chake kidogo. Alimlaza mtu, akaikata ngozi kwa kuifuata michoro, kisha akapaka mkaa wa mbegu za mbono katika majeraha. Jeraha lilipopona, mkaa ulibaki chini ya ngozi, ukaonekana kama rangi ya samawi iliyoiva. Mara moja haikutosha. Ilibidi kurudia mara ya pili na ya tatu ili michoro isimame vema. Kijana aliyevumilia bila kulia alisifiwa, na aliyekimbia nusu ya kazi alibaki na nusu ya uso, akawa mfano wa kuchekwa. Kwa hiyo nembo ilikuwa pia ushuhuda wa uvumilivu, nayo iliambatana na wakati wa kutoka utotoni kuingia utu uzima.

Je, michoro ile ilikuwa na maana gani? Mwaka 1866 Daktari Livingstone alitoka Mikindani akapanda kwa njia ya mto Ruvuma, katika safari yake ya mwisho. Alipoziona nembo za Wamatambwe na za Wamakonde wa juu alikumbuka michoro ya Misri ya kale. Akadhani kwamba mistari ya mawimbi ilikuwa mfano wa maji, na ile miraba ilikuwa mfano wa mashamba, kwa kuwa watu wale walikaa kando ya mto na kulima. Kisha akaandika neno ambalo kwetu ni kubwa kuliko hayo, kwamba mwana huchukua alama ya baba yake, na kwa njia hiyo alama imedumu kizazi hata kizazi, ingawa maana yake yaonekana imekwisha potea.

Sisi twathubutu kusema kwamba huenda maana haikupotea kama alivyodhani msafiri yule. Kama mwana huchukua alama ya baba, basi maana ya alama ni baba. Mtu akiulizwa, "Mistari hii ni nini?" huenda asiweze kusema ni maji au ni shamba, lakini aweza kusema, "Hii ndiyo ya kwetu, alikuwa nayo baba, alikuwa nayo babu." Nalo ni jibu kamili. Tukumbuke tena kwamba Wayao, Wamakua na Wamakonde huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Basi kama habari ya Livingstone ni sahihi, kijana wa Ruvuma aliupata ukoo wake kwa mama, na nembo yake akaipata kwa baba. Hivyo pande zote mbili zilikuwa na fungu lao kwake, na mwili wake ulikuwa mahali walipokutana.

Hapa ndipo tuonapo ajabu ya jambo hili kwa watu wa Mbweni. Jina la mtumwa lilikuwa kitu chepesi. Nyumbani aliitwa jina la babu yake. Aliponunuliwa bwana alimwita apendavyo. Na alipobatizwa alipewa jina la tatu. Yule padre wetu mashuhuri, Cecil Majaliwa, jina lake moja latoka kwa Wazungu na la pili ni la Kiswahili, naye alizaliwa Myao. Jina alilopewa na mama yake siku ya kwanza silo alilojulikana nalo duniani. Lugha nayo ilisahaulika upesi. Mtoto aliyetekwa akiwa na miaka mitano au sita, baada ya miaka michache alisema Kiswahili tu. Lakini nembo haikubadilishwa na bwana wala haikusahaulika. Mwenyewe angeweza kusahau jina la kijiji chake, na uso wake ukaendelea kukitaja.

Twawaza pia juu ya wale waliotekwa wakiwa wachanga mno, kabla ya kufikia umri wa kuchanjwa. Hao ndio waliopoteza yote. Hawakuwa na alama, wala hawakuwa na mtu wa kuwaambia, "Wewe ni wa kwetu." Mzee mwenye mwezi mwandamo katika kipaji alipokutana shambani na mwingine mwenye mwezi kama wake, hakuhitaji kuuliza. Mtoto mwenye uso mtupu alipita katikati yao kama barua isiyo na anwani. Wenzetu husema, "Mwacha asili ni mtumwa." Methali hiyo humwonya mtu aliye huru asiitupe asili yake kwa hiari. Kwa mtoto yule mambo yalikuwa kinyume: alifanywa mtumwa kwanza, ndipo asili ikamwacha, wala yeye hakuwa na kosa.

Tena tuzitenge alama za namna mbili ambazo watu huzichanganya. Katika biashara ya watumwa ya bahari ya Atlantiki, wafanyabiashara walizoea kuwapiga watu chapa ya moto, kama wapigwavyo ng'ombe, ili ijulikane ni mali ya nani. Chapa ile ilisema, "Huyu ni wa fulani," kwa maana ya kumilikiwa. Nembo nayo ilisema, "Huyu ni wa fulani," kwa maana ya kuzaliwa. Zote mbili ni makovu, na zote zilimuumiza mtu. Lakini ya kwanza ilitiwa na mtu asiyemjua, na ya pili ilitiwa mbele ya jamaa waliomshika mkono.

Mambo haya si ya pwani yetu peke yake. Mbali sana, katika visiwa vya bahari ya Pasifiki, wako watu walioifanya kazi ya kuandika ngozi kuwa sanaa kuu kuliko zote. Neno walitumialo Wazungu kwa michoro ya mwili, tattoo, limetoka kwao, katika neno tatau, nalo lilienea Ulaya baada ya safari za Kapteni Cook zilizoanza mwaka 1768. Katika Samoa wanaume huchorwa kuanzia kiunoni hata magotini, kwa chombo kama kitana cha mfupa kinachogongwa kwa kijiti. Nao wanawake huchorwa mapajani. Hufanywa mbele ya jamaa, na jamaa ndio wamlipao fundi. Katika Nyuzilandi Wamaori walichonga uso wenyewe kwa patasi ndogo za mfupa, wakaiita kazi hiyo moko. Mistari ya moko ilionyesha nasaba ya mtu na cheo chake, hata watu wawili hawakuwa na moko zilizo sawa kabisa. Mwaka 1840, walipofanya mkataba na Waingereza pale Waitangi, baadhi ya wakuu walichora katika karatasi sehemu ya mistari ya nyuso zao ili iwe sahihi yao.

Iko habari moja ya Mmaori ambayo hatuwezi kuipita. Mkuu mmoja, jina lake Te Pehi Kupe, aliingia katika merikebu ya Waingereza, akafika Liverpool, na yapata mwaka 1826 alikuwa huko, mbali na kwao kuliko mtu awezavyo kuwa. Mtu mmoja alipomchora picha, yeye alishughulika na moko tu, akitaka kila mstari uwe mahali pake. Kisha akachukua kalamu akaichora moko yake mwenyewe bila kutazama kioo. Akachora na ya ndugu yake, na ya mwanawe mkubwa, aliowaacha nyumbani. Alipokwisha kuichora ile ya mwanawe aliinua karatasi, akaitazama kwa furaha, akaibusu mara nyingi, akalia machozi. Habari hizo zilichapwa London mwaka 1830.

Tuliposoma habari hiyo tulikumbuka Mbweni mara moja. Te Pehi Kupe alikuwa mkuu, alisafiri kwa hiari yake, na mwisho alirudi kwao. Hata hivyo upweke ulipomshika, hakuchora uso wa mwanawe, macho na pua na kinywa. Alichora nembo yake, maana ndiyo iliyokuwa mwana. Basi mama wa Kimakua aliyekaa Mbweni akimenya mihogo yake, akijua hatarudi tena, alifikiri nini alipojitazama katika maji ya mtungi akauona mwezi wa baba yake? Hakuna aliyemwuliza akaandika. Lakini mwezi ulikuwapo.

Yako mambo machache tujuayo yanayotuonyesha kwamba watu hao hawakusahau kwao. Askofu Steere alitunga vitabu vya mwanzo vya lugha za bara, cha Kiyao mwaka 1871 na cha Kimakonde mwaka 1876, naye alizikusanya lugha hizo kwa watu aliowakuta Unguja. Ni hao waliomfundisha Askofu. Na mwaka ule wa 1876 watu zaidi ya 50, wanaume kwa wanawake, walisafiri na Askofu kutoka Unguja kwa njia ya Lindi, kwa nia ya kwenda kukaa karibu na ziwa la Nyasa. Walipofika Masasi waliona nchi njema, yenye Wamakua, Wayao na Wamakonde pande zote, nao hawakutaka kuendelea mbele. Wakajenga papo hapo. Baada ya miaka ya kutazamwa na wageni, walikuwa wamefika kati ya watu ambao nembo zao walizijua. Cecil Majaliwa naye, aliyepata kuwa mwalimu Mbweni, alitumwa Chitangali kwa Wayao mwaka 1886. Na mwaka 1890 akawekwa kasisi, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile.

Wale waliobaki Mbweni walizaa watoto, na watoto hao hawakuchanjwa. Wengine husema ni kwa sababu ya dini tu. Sisi twafikiri sababu zilikuwa nyingi. Fundi alikuwa ng'ambo ya bahari. Wazee wenye haki ya kumwambia fundi, "Mchanje huyu," hawakuwapo. Na zaidi ya hayo, baba alikuwa Myao na mama Mmakua, au baba Mnyasa na mama Mzaramo, wameoana hapo hapo Mbweni. Mtoto wao atiwe nembo ipi? Kumtia moja ni kuikana nyingine. Hivyo kizazi cha pili kilikuwa na nyuso tupu. Utupu huo haukuwa kama ule wa mtoto aliyetekwa, maana hawa waliwajua baba zao na mama zao. Waliunganishwa kwa ubatizo, kwa shule moja, kwa lugha moja, na kwa kuoana. Tulisema juu ya ndugu wa kuchanjiana. Mbweni ilikuwa kijiji kizima cha watu wasio wa tumbo moja waliofanywa ndugu, illa mara hii pasipo wembe.

Twajua wako wasomaji watakaosema kwamba Torati yakataza. Ni kweli, katika kitabu cha Walawi Waisraeli walikatazwa kujichanja kwa ajili ya wafu na kujiandika alama mwilini. Lakini tusome pia mambo mengine. Wakristo wa Kikopti wa Misri, waliolishika jina la Kristo katika taabu nyingi, hutiwa msalaba katika kifundo cha mkono wa kuume. Na huko Uhabeshi wanawake wengi wa Kikristo wamechorwa msalaba katika kipaji cha uso. Hatuandiki haya ili vijana wetu wakimbilie wembe. Desturi ile imekwisha fifia, na waliokuwa na haki ya kuifanya wamekufa. Nasi twajua hatari ya chuma kisichosafishwa. Twataka tu ijulikane kwamba alama katika ngozi haimfanyi mtu kuwa mshenzi, wala ngozi tupu haimfanyi kuwa mstaarabu.

Waliodumu nazo kwa muda mrefu zaidi katika pwani yetu ni Wamakonde. Hata walipochonga vinyago vya kuvaa katika ngoma ya mapiko, waliziweka nembo katika nyuso za miti kwa nta ya nyuki, kwa maana uso usio na nembo haukuwa uso wa mtu. Walipotoka Msumbiji kwenda kufanya kazi katika mashamba ya Unguja, ya Tanganyika na ya Kenya, watu waliwacheka kwa nyuso zao, na jina lao likafanywa tusi. Wale wa Kenya walikaa miaka mingi bila hati za uraia. Mwezi wa Oktoba mwaka 2016 baadhi yao walitembea kwa miguu kutoka Kwale hata Nairobi kwenda kuzidai, na mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la nchi ile. Mababu waliandikwa katika ngozi nao wakajulikana. Wajukuu wao iliwabidi kutembea siku nyingi ili waandikwe katika karatasi. Na katika Nyuzilandi, ambako moko nayo ilipata kudharauliwa, mwaka 2020 Bibi Nanaia Mahuta, mwenye moko kidevuni, alifanywa waziri wa mambo ya nchi za nje. Dharau hubadilika, lakini hupita miaka mingi, na waliodharauliwa mara nyingi hawaishi wakaiona siku hiyo.

Kwa hiyo, ndugu walimu, twaomba mambo mawili. La kwanza, mtoto akicheka picha ya mzee mwenye chale, tusimwambie tu "Nyamaza." Tumwambie, "Mistari hiyo ni jina la jamaa yake. Alitolewa kwao kwa nguvu, akaporwa kila kitu, na hilo hawakuweza kumpora." La pili, wangaliko wazee wachache, hasa katika nchi za Masasi, Newala na Mtwara, wenye nembo au waliozishuhudia zikitiwa. Mwenye mzee kama huyo na akae naye jioni, amwulize kwa adabu, "Bibi, hii ulitiwa na nani? Ulikuwa na umri gani? Nani alikushika mkono?" Kisha ayaandike majibu katika daftari pamoja na majina ya jamaa. Ni kazi ya jioni moja, na asiyeifanya sasa hataweza kuifanya baadaye.

Nabii Isaya amwonyesha Mungu akisema kwamba amewachora watu wake katika vitanga vya mikono yake, ili asiwasahau. Na Bwana wetu alipofufuka, Tomaso hakumtambua kwa uso wala kwa sauti, alimtambua kwa makovu. Mama yule wa picha, ambaye jina lake hatulijui, hana haja ya kuonewa haya nasi. Tuliirudisha picha yake darasani wiki iliyofuata, tukawaeleza watoto haya tuliyoandika hapa kwa maneno mafupi. Yule mtoto aliyesema "washenzi" aliitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Mwalimu, na sisi ya kwetu ilikuwa ipi?" Tukamwambia akamwulize babu yake.